Mti wa Saba kwenye Orodha

14 Januari

Daftari hili nimepewa leo na Yadira, binti wa kituo cha utafiti, niandikie vikonyo, yaani vijiti vinavyokatwa mtini na kuungwa kwenye miche: tarehe, mti, mwenye shamba, idadi. Ukurasa wa kwanza tayari nauharibu kwa mambo yangu. Nisipoandika nitasema, na wa kumwambia hayupo.

Yadira alikuja asubuhi na pikipiki, tope mpaka magotini, mkononi orodha ya miti saba. Miaka kumi na mitano iliyopita kituo kilichuma majani kwenye mashamba ya zamani ya huku kwetu Vinces, kikayapima, na miti saba ikaonekana ni kakao ya asili yenyewe, ile ya mababu, haijachanganyika na kitu. Majibu yakakaa kabatini. Sasa magonjwa yanakula mikakao ya kisasa na wakubwa wamelikumbuka kabati. Wanataka vikonyo vya miti hiyo vibebeshwe kwenye miche na kutunzwa bustanini kwao, ili aina ile isipotee duniani. Yadira aliuliza njia nzima nani fundi wa kubebesha, na kila mtu alimjibu Nelfa Litardo. Basi nikapanda nyuma ya pikipiki nikamwonyesha njia.

Mti wa kwanza, kwa Onofre: umekatwa, pameoteshwa kakao nyekundu ya kisasa. Nani alibebesha? Nelfa. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ulikufa wenyewe, Mungu asifiwe. Wa nne, wa tano, Nelfa. Kwa mjane Cerezo, mti wa sita, mama wa watu alicheka waziwazi. Alisema, "Unatuuliza sisi? Muulize uliyempakia, yeye ndiye aliyetugeuzia shamba zima."

Yadira alichora msitari tu kwenye orodha. Mimi ndiye niliyetamani ardhi ipasuke. Miaka kumi na mitano nimekula kwa kisu hiki. Nyekundu inazaa mwaka wa tatu, mti wa babu unazaa ukijisikia, na wanunuzi wanamwaga zote gunia moja. Watu waliniita, nikaenda, na nilijivuna nilipoitwa.

Wa saba ni wa kwetu. Mama Mkubwa Eufemia, dada wa marehemu mama yangu, alitupokea juu barazani. Tangu alipovunjika nyonga miaka miwili na nusu iliyopita hashuki ngazi, na nyumba yetu imesimama juu ya nguzo, kwa hiyo dunia yake ni baraza hilo, redio, na mimi. Akamwambia mgeni kwa fahari kwamba mti wa baba yake, Ausberto Bajaña, upo ng'ambo ya kijito, na kwamba mimi humletea matunda yake kila msimu. "Mwambie Nelfa akupeleke, mwanangu."

Wote wawili wakanigeukia. Misitari sita ilikuwa imeshachorwa, na mitano kati yake ilikuwa yangu.

"Upo," nikasema. "Ila kijito kimejaa, binti wa watu hawezi kuvuka. Nitamletea vikonyo mwenyewe."

Haupo. Niliukata Agosti ile, Mama Mkubwa akiwa amelazwa Guayaquil.

15 Januari

Mvua. Nyenje wamejaa jikoni, nimewafagia ndoo nzima.

17 Januari

Nimekata vikonyo kwenye mti wa jirani yangu Telmo Coello, ule ulio nyuma ya banda la nguruwe. Nao ni mzee, mrefu, ukiutazama kwa mbali unadanganyika. Lakini umechanganyika, hata yeye hajui mbegu ilitoka wapi. Matunda ninayompelekea Mama Mkubwa miaka hii miwili yametoka huko huko.

Telmo anajua kila kitu, maana msumeno wa mashine uliokata mti wa babu ulikuwa wake. Alisimama akitafuna kijiti.

"Fundi, kwa hiyo huyu wa kwenye nguruwe anakwenda chuo kikuu?"

Nikamwambia afunge mdomo. Akasema hana neno, mti ni mti.

18 Januari

Kituoni. Nimebebesha miche arobaini. Unafungua dirisha dogo kwenye gome la mche, unachomeka jicho la kikonyo, unafunga kwa utepe usiingie maji. Yadira alinifuata nyuma akining'iniza vibandiko: namba, na jina la babu. Mkono wangu haukutetemeka hata mara moja, na hilo ndilo linaloniudhi.

26 Januari

Mama Mkubwa amefyonza utamu wa matunda niliyomletea, mbegu akazitemea kwenye bakuli, akakunja uso. Anasema zamani utamu huu ulinukia maua, siku hizi unachachuka. Labda mti unazeeka kama yeye.

Nikasema ni mvua. Akanishukuru kwa kuvuka kijito katika hali hii.

8 Februari

Tumefungua utepe. Kati ya arobaini, thelathini na minane imeshika. Mkubwa wa kituo alinipa mkono mbele ya wafanyakazi, na Yadira akanikumbatia akisema bila mimi wangekosa yote saba. Halafu akanieleza, kama habari njema, kwamba ile safari ya Machi imefutwa. Walikuwa wapande kule milimani kuwatafuta watoto wa mti wa babu, maana inasemekana mzee mmoja alichukua mbegu zake zamani akaziotesha kwake. Sasa mama mwenyewe wanaye, ya nini kuhangaika na watoto.

Hapo ndipo ningesema. Niliuliza chai iko wapi.

12 Februari

Mama Mkubwa ameambiwa bustanini kutakuwa na kibao chenye jina la baba yake. Amewapigia simu ndugu wote hadi wa Machala. Anachagua gauni la kupigia picha.

21 Februari

Sikukuu ya Karnivali. Nimemwagiwa maji na unga na wajukuu wa Telmo. Kwa muda wa saa moja hivi nilisahau.

4 Machi

Telmo aliingia shambani kwetu kunipalilia kabla kijito hakijazuia tena. Alirudi akilalamika kuhusu nyoka, magugu, na kile kisiki changu kikaidi. "Kimechipua tena, dada. Chipukizi moja limesimama kama mlingoti. Maji yakipungua nitalifyeka."

Nilikuwa napondaponda ndizi za asubuhi. Nikaacha.

Niandike vizuri ili nijisome mwenyewe. Mti wa kakao ukikatwa haufi mara moja, unatoa machipukizi chini. Mtu anayetaka nafasi hufyeka machipukizi hayo kila palizi, maana yanainyima chakula miche mipya. Ndivyo nilivyofanya, bila kufikiri, kama mtu anavyofagia uwanja. Nimeukata mti wa babu mara moja kwa msumeno na mara nne kwa panga. Tangu Desemba sijapalilia kwa sababu ya mvua, na huo ndio wema pekee nilioufanyia. Uvivu wa mvua.

Na mti ule ulitoka kwenye mbegu, haukubebeshwa. Kwa hiyo kisiki ni mti wenyewe, na chipukizi ni mti wenyewe.

Nilimwambia Telmo asiliguse. Aliuliza kwa nini. Nikasema nimesema.

5 Machi

Kijito kimefurika. Havuki mtu.

6 Machi

Hivyo hivyo.

9 Machi

Hivyo hivyo. Mama Mkubwa ameuliza kwa nini nimesimama dirishani.

13 Machi

Nimevuka kwa mtumbwi wa Telmo, peke yangu. Maji yamesimama shambani hadi ugokoni. Miche yangu myekundu imeinamisha majani yote, na katikati yake kisiki, cheusi, kipana kama meza, na ubavuni chipukizi limenyooka, urefu wa mkono wangu na zaidi. Majani machanga ni rangi ya shaba. Niliyashika nikalia, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, maji yakiingia kwenye buti.

Nilikumbuka siku ile. Telmo aliwasha mashine, akanitazama, akauliza, "Una hakika? Bibi akirudi?" Nikamjibu bibi hatarudi kutembea huku. Nilikuwa sahihi, na nilisema bila uchungu wowote. Nadhani nilisubiri tu nyonga ya mtu ivunjike ili nipate nafasi ya miche kumi na miwili.

Sikukata kikonyo. Bado ni kibichi, laini, jicho lake lingekauka kabla halijashika. Kikipata rangi ya kahawia ndipo. Wiki tatu, nne.

Huo ni ukweli wa fundi. Pia ni ahueni ya mwongo, na niliisikia ikinishuka kifuani nikiwa bado nimesimama pale.

15 Machi

Nimewaza hivi: vikonyo vikikomaa nivipeleke kituoni, niseme nimekata vingine kwenye mti ule ule. Hakuna atakayeuliza.

16 Machi

Haifai. Bustanini kutakuwa na miche thelathini na minane ya uongo na michache ya kweli, yote ina jina moja na namba moja. Watachukua vikonyo kwayo kuwapa wakulima, watachanganya, na hakuna atakayejua tena upi ni upi. Ningekuwa nimeuzika mti wa babu ndani ya mti wa nguruwe.

22 Machi

Bado laini.

29 Machi

Maji yamepanda tena. Chipukizi linaonekana toka ng'ambo. Nalihesabu majani.

6 Aprili, Alhamisi Kuu

Nilipanga foleni ya kuungama. Nilimwambia padri nimesengenya, nimemwonea wivu shemeji yangu friji lake, na nimekosa misa mbili. Akanipa sala tatu. Nilitoka nimebeba lile lile nililoingia nalo, tena zito zaidi, maana sasa nimemdanganya na padri.

7 Aprili

Supu ya Ijumaa Kuu, nafaka kumi na mbili na samaki mkavu. Mama Mkubwa alinibariki mbele ya wageni, akasema hana mtoto wa kuzaa ila Mungu alimpa mimi. Niliinuka kuwaongezea wageni supu.

11 Aprili

Asubuhi Telmo alipiga hodi. Hakuwa na utani. Alisema amepita na mtumbwi na majani ya chini ya chipukizi yamegeuka manjano.

Nilivuka hapo hapo. Nilibonyeza gome la kisiki kwa kidole na kidole kikazama. Maji ya mwezi mzima yameozesha mizizi. Chipukizi lenyewe bado limesimama, kijiti chake kimeshika rangi ya kahawia, na kina macho matano mazuri. Yaliyobaki yameshaanza kusinyaa. Nililikata, nikalifunga kwa kitambaa kibichi, nikapanda basi kwenda kituoni hata buti sijabadilisha.

Yadira alikuwa kwenye kitalu cha miche. Alikifungua kitambaa akafurahi, akadhani ni zawadi.

"Hiki cha wapi, Bi Nelfa?"

"Cha mti wa babu."

"Na vile vya Januari?"

"Vya kwa Telmo. Nyuma ya banda la nguruwe."

Nikamweleza yote, kuanzia Agosti ile. Nilidhani atapiga kelele. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akatazama safu ya miche thelathini na minane, mizuri, yenye afya, na jina la Ausberto Bajaña likining'inia kwa kila mmoja.

"Ungeniambia tu umekatwa," akasema. "Wenzako waliniambia umekatwa. Niliwakasirikia?"

"Hapana."

"Yule mzee wa milimani alikuwa nayo miti mitatu. Nimesikia habari zake wiki iliyopita. Mwezi wa tatu watoto wake waliuza shamba, wamesafisha lote, wamepanda migomba. Tulikuwa na gari, Bi Nelfa. Tulikuwa tumepanga tarehe."

Sikujua hilo. Nimeliandika ili nisije nikajifanya sikulisikia. Nilidhani uongo wangu umesimama mahali pamoja ukinisubiri, kumbe ulikuwa ukitembea unakata miti.

Akakifunga kitambaa upya, akakilowesha. Alisema fomu ya Januari, ile aliyoitia sahihi Mama Mkubwa, ni ya uongo, kwa hiyo kisheria hawezi kugusa kikonyo hiki bila mwenye mti kutia sahihi upya, akiwa anajua anachotilia sahihi. Kesho tunakwenda wote. Na atakayemwambia bibi ni mimi.

12 Aprili

Mama Mkubwa alikuwa amevaa gauni. Alipoona pikipiki alidhani wamekuja kumpiga picha.

Nilipiga magoti kando ya kiti chake. Nikamwambia mti haupo, nimeukata, akiwa hospitalini, na nimekuwa nikimficha. Hakulia. Alizima redio. Aliutazama mkono wangu uliokuwa kwenye mkono wa kiti chake, halafu akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Na matunda niliyokuwa nakula?"

"Ya Telmo."

"Nilikwambia yanachachuka."

"Uliniambia, mama."

"Ukasema mvua." Akauondoa mkono wangu kama anavyoondoa kuku mezani. "Nikadhani ulimi wangu umekufa. Nililia hapa peke yangu, nikijua hata kuonja siwezi tena. Na wewe uko jikoni unaosha bakuli."

Kuhusu mti angeweza kunisamehe, labda. Hilo la ulimi hapana.

Yadira alimsomea fomu polepole, akamweleza kwamba kimebaki kijiti kimoja chenye macho matano. Mama Mkubwa akaomba kalamu, akatia sahihi kwa herufi zake kubwa, halafu hakuiachia karatasi.

"Nakupa kwa sharti. Mkono wa huyu usiuguse mti wa baba yangu."

Yadira akanitazama, akamtazama. "Mama, mkono wake ndio bora tulio nao. Mimi kati ya kumi hushikisha sita."

"Basi shikisha sita."

"Ni matano tu, mama."

"Nimesikia hesabu," akasema Mama Mkubwa, na akaiachia karatasi.

Telmo alikuwa ngazini, akaniambia pembeni kwamba bibi hatajua, kitalu kiko mbali. Nilimwambia hivyo ndivyo nilivyosema mwaka ule.

13 Aprili

Kitalu kinavuja na mvua haikungoja. Yadira alikaa kwenye kigoda na miche mitano mbele yake. Nilisimama nyuma yake nikishikilia nailoni juu ya mikono yake isipate tone, mikono yangu yote miwili juu, saa nzima. Nisingeweza kugusa hata kama ningetaka.

Kisu chake ni kizuri ila anakikandamiza. Jicho la kwanza alikata gome kwa kina mno. La pili sawa. Kila mara alisita kunisikiliza, nami nikajiuliza kama Mama Mkubwa alikataza mkono tu au na mdomo. La tatu aliacha hewa chini ya utepe, sikusema, akaendelea na la nne. Hapo nilijiona vizuri sana, nimesimama nakijua kitu na nimenyamaza, kama Januari.

"Lile la tatu," nikasema. "Lifungue, lifunge upya toka chini."

Akalifungua, akalifunga toka chini. La tano kisu kilimteleza.

Baadaye nilivua vibandiko thelathini na vinane kimoja kimoja. Hiyo kazi niliruhusiwa.

14 Aprili

Mama Mkubwa hali chakula changu. Mke wa Telmo anampandishia sahani.

20 Aprili

Kisiki kimekufa. Nimekisukuma kwa mguu, kikatingishika chote.

23 Aprili

Mvua ndogo. Watu wa Onofre wameniita kubebesha nyekundu. Sikwenda.

27 Aprili

Naandaa kahawa, naiweka kwenye ngazi ya juu, nashuka. Kikombe hurudi kimejaa. Leo kimerudi nusu, lakini huenda ni paka.

4 Mei

Siku ishirini na moja. Jua limetoka, ardhi inafuka mvuke.

Yadira alikata utepe wa kwanza: jicho jeusi. Wa pili, lile alilolikata vizuri: jeusi. La nne na la tano yamekauka, yakaanguka yenyewe utepe ulipofunguka. Alikuwa ameliacha la tatu mwisho, sijui kwa makusudi. Lilikuwa kijani. Alikwaruza kidogo kwa ukucha, na chini yake ni kijani pia. Hatukushangilia. Yadira alijifuta uso kwa kiwiko, nami nikaketi chini kwenye tope.

Mche mmoja. Mwaka mmoja na nusu ndipo utatoa vikonyo vya kubebesha mingine, kama hautapata ugonjwa, kama hautaliwa na konokono, kama hakuna mtu atakayehitaji nafasi yake.

Mti ukishashika ndipo unafunguliwa ukurasa kwenye kitabu kikubwa cha bustani; ule wa Februari ulishafutwa. Yadira akaandika namba. Jina: Ausberto Bajaña. Aliyeupanda: Ausberto Bajaña. Mwenye mti: Eufemia Bajaña. Kisha kuna mahali pa kueleza mti mama umepatwa na nini, na hapo kalamu ikasimama.

Alisema kwa upole kwamba wengi huandika ulikufa, inatosha, hakuna anayedai zaidi.

"Ulikatwa," nikasema. "Andika ulikatwa."

Akaandika. "Na nani? Si lazima."

"Nelfa Litardo."

Akaliandika kwa mwandiko wake mdogo, akataka kufunga kitabu. Nikamwambia bado, hapo ameandika jina la ukoo wa baba tu, na huku kwetu kila mtu ana mawili. Aongeze la ukoo wa mama.

Akanitazama, akaongeza: Bajaña.